Kofia ya Vitundu

Mji ulikuwa juu ya mabega ya Bi Mize, na Bi Mize mwenyewe alikuwa ndani ya mji. Usiniulize inawezekanaje. Chungu kimo jikoni, jiko limo nyumbani, na nyumba imo kichwani mwa aliyeijenga, na sijamsikia mtu akilalamikia mpango huo. Aliingia kwa lango lililo nyuma ya jicho la kushoto, kanga kaitupia begani, mfano wa mtu aendaye kwa jirani kuomba chumvi. Alichokuwa akikitafuta humo kilikuwa kimoja tu: jina la mumewe.

Lilikuwa limempotea. Si kwamba lilikuwa kwenye ncha ya ulimi likikataa kushuka. Ulimi ulikuwa mtupu. Na sikukuu ilikuwa inabisha hodi, na siku ya sikukuu alitakiwa alitamke jina hilo mbele ya watu.

Katika nchi yao mke hamwiti mumewe kwa jina. Hakuna sheria iliyomkataza, ila ulimi wenyewe huona haya. Humwita Baba Fulani kama wamejaaliwa mtoto. Hawa hawakujaaliwa, kwa hiyo yeye alimwita Mwenyewe, na Mwenyewe humjibu "Nipo." Hamjibu "Naam," kwa sababu naam ni ya mwanamume aliyeitwa kwa jina lake. Iko siku moja tu mke hulitaja: siku anapomvisha mumewe kofia aliyomshonea kwa mkono. Humwekea kichwani, hulitamka jina mara moja, dada wa mume akiwa shahidi, mume huitika "Naam," kisha jina hurudishwa ndani mpaka kofia nyingine. Na kofia ya vitundu si kazi ya wiki wala ya mwezi. Kila kitundu hutobolewa kwa sindano, kisha ukingo wake huzungushiwa uzi, na vitundu hivyo ni vingi kuliko subira ya watu wengi. Wako wanawake waliolitaja jina la mume mara tatu maishani, wakazikwa wameridhika.

Heshima hiyo ndiyo iliyoyapa maradhi maficho. Chumvi ilipotiwa mara mbili mchuzini, watu walionja. Maji yalipokauka chunguni, watu walisikia harufu. Lakini jina la mume lilipotoka likaenda zake, nani angejua? Bi Mize hakuwa akilitaja hata alipokuwa nalo.

Hata Daktari Thureya hakujua, naye kazi yake ni maradhi ya ubongo. Mwenyewe alipompeleka hospitali, daktari alimuuliza Bi Mize leo ni siku gani, wamekuja na chombo gani, wamekula nini asubuhi, na kila jibu lilikuja likichechemea. Kisha akamuuliza mumeo anaitwa nani. Bi Mize akainamisha macho, akatabasamu, akavuta upembe wa kanga mdomoni. Daktari, naye ni mtoto wa nchi ile ile, akacheka kidogo, akaomba radhi kwa kukosa adabu, akarukia swali jingine. Mwenyewe, pale kwenye kiti chake, alionekana amejaa fahari. Kati ya watu watatu chumbani, Bi Mize aliamini ni yeye tu aliyejua kwamba nyuma ya ile kanga hakukuwa na kitu.

Ni huyo daktari aliyemwambia kwamba ubongo ni mji. Aliweka picha ya ndani ya kichwa cha Bi Mize ukutani penye mwanga, akamweleza polepole, bila kumsemesha kama mtoto, na kwa hilo tu Bi Mize alimpenda. Alisema mji huo una nyumba zisizohesabika, na kila nyumba imetoa nyuzi za kuzungumza na nyumba nyingine. Siku zote kuna taka zinazozalishwa humo, na usingizi ndio wakati wa kufagia. Lakini kwa watu wengine taka zinaanza kubaki vichochoroni, nguzo za ndani ya nyumba zinajisokota, taa inazimika, nyumba inaanguka. Palipoanguka hubaki uwazi. Mtaa unaopigwa mapema ni ule unaopokea wageni, yaani mambo ya leo asubuhi na ya sasa hivi. Mitaa ya zamani hustahimili kidogo, ingawa nayo ina zamu yake. Mtaa wa mikono, ule unaojua kusuka na kushona, mara nyingi huchelewa sana kuguswa. Hakumdanganya kwamba atapona. Alisema ipo dawa ya kupunguza mwendo kidogo, na kwamba moyo huugua, figo huugua, na ubongo nao ni kiungo, unaugua.

"Si wazimu, Bi Mize," alisema. "Si laana, na hujamkosea mtu."

Maneno hayo Bi Mize aliyafunga penye pindo la kanga, mahali wanawake wanapofunga vitu wasivyotaka vipotee. Ilibidi, kwa sababu nyumbani alikuwa akimsubiri Wifi Riziki, dada wa mumewe, mwenye sababu tatu kwa kila ugonjwa. Leo ilikuwa jicho la watu, kesho shetani wa ukoo aliyenyimwa fukizo, keshokutwa uzee tu, mwacheni. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na mtu akiogopa hupenda kuwa na neno la kusema.

Sasa sikia kosa la Bi Mize, kosa ambalo mshona kofia peke yake angeweza kulifanya. Katika ile picha ya ukutani aliona uwazi mweusi hapa na pale, akajiambia: hivyo ni vitundu. Na yeye alikuwa amelelewa kwa ule msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi alipofika nyumbani aliitoa kofia ya Mwenyewe, iliyokuwa imebakia safu moja ya mwisho, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kuviziba vitundu vyake kimoja kimoja. Alishona kwa siri na kwa furaha. Kila kitundu kilichojaa uzi alihisi mahali fulani kichwani taa imewaka. Alikuwa amekwisha kusahau chakula cha mchana lakini hakusahau kuziba.

Alipomaliza alimwita Mwenyewe aje ajaribu. Uzi wote ule ulikuwa umevuta kitambaa, kofia ikasinyaa, ikakaa juu ya utosi wake kama kisahani juu ya chungu. Mwenyewe akasimama amenyoosha shingo, anaogopa isianguke. Aliyeanza kucheka ni Bi Mize. Kicheko kikaenda mpaka kikageuka, na akalia. Mwenyewe aliuliza taratibu ilikuwaje.

"Nilikuwa naziba kichwa changu," akamwambia.

Yeye akaenda akaleta wembe. Wanaume wa kule hawashiki kazi ya kofia, huivaa tu na kujigamba nayo barazani, lakini yule alikaa chini juu ya jamvi, akaivuta kofia mapajani, akaanza kukata uzi. Alikata ovyo. Alikata na usiostahili. Bi Mize akamnyang'anya, akamwonyesha mahali wembe unapoingia, na jinsi kila kitundu kinachofunguka kinavyotakiwa kushonwa ukingo upya papo hapo kabla hakijachanika. Siku nyingi walikaa hivyo, na kila siku alimfundisha kwa maneno yale yale kwa kuwa hakukumbuka kama alikwisha kumfundisha, na kila siku Mwenyewe alijifunza kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza. Siku moja, bila kuinua macho, Bi Mize alisema jambo ambalo mikono yake ilikuwa ikilijua miaka yote na kinywa kilikuwa hakijaulizwa.

"Tundu si ubovu, Mwenyewe. Lisiloshonwa ukingo ndilo huchanika, likaila kofia nzima."

Mwenyewe aliweka wembe chini. Kisha akasema, "Basi wewe toboka. Mimi nitashona ukingo."

Wangapi huambiwa maneno kama hayo wangali hai? Bi Mize alimshukuru Mungu pale pale juu ya jamvi, kwa sauti. Kufika magharibi neno lilikuwa limempotea, ila shukrani haikwenda nalo. Shukrani ilibaki kifuani bila kujua imetoka wapi, akawa anaizungusha nyumbani akiangalia vitu vya kuvipa: mtungi, paka, dirisha. Hata hivyo habari ya jina hakumwambia. Aliweza kumwambia kila kitu isipokuwa hiyo. Mke atakaaje mbele ya mtu kama huyu amwambie sijui wewe ni nani kwa jina? Kofia ilipooshwa na kutiwa wanga, na Wifi Riziki akatuma salamu kwamba sikukuu atakuja na udi wake kuwa shahidi, Bi Mize aliona hana budi kuingia mjini kulitafuta.

Ndipo tulipomkuta, ndani ya lango, amesimama.

Mtaa wa wageni ulikuwa giza. Aliupita akiupapasa kwa mkono, na ukutani alihisi joto la watu waliopita sasa hivi bila kuacha majina. Wafagiaji walikuwa wakifanya kazi, usingizi na watoto wake, mifagio ya makuti mikononi, nao walifagia kwa bidii ya watu wanaojua kwamba taka ni nyingi kuliko wao. Alitaka kuwasalimu, akaona asiwacheleweshe, akawashukuru kwa kupita kimya. Njia ikapinda ikamrudisha alikotoka. Wakati nao ulikuwa hivyo humo mjini. Alipiga hatua moja akiwa bibi mwenye magoti yanayouma, akapiga ya pili akiwa mwari aliyepakwa hina miguu haitakiwi kukanyaga vumbi, na ya tatu hakuwa mtu bali miguu tu inayokwenda.

Mbele akamwona mwanamke anatia mafuta kwenye taa. Bi Mize akamwita kwa jina alilolidhania, "Mize," na mwanamke akaitika, "Labeka," akageuka, na uso wake ulikuwa uso wa Bi Mize siku aliyoolewa.

"Natafuta nyumba ya jina la Mwenyewe," Bi Mize alisema.

"Ilianguka masika yaliyopita. Ulikuwa unapika."

"Nionyeshe kifusi, nikiokote."

Yule msichana akamwonyesha. Palikuwa uwazi, na kando ya uwazi nyasi. Bi Mize akapiga magoti akachakura udongo kwa vidole. Herufi hazikuwemo. Hata mwangwi haukuwemo. Ndipo kichwa chake kikaanza kusema peke yake, vipande vipande, na mimi nakupa vipande hivyo kama vilivyokuja.

Mimi ni nani? Mke. Mke wa nani? Wa yule. Yule nani? Yule ambaye mimi ni mke wake. Hivi ndivyo ng'ombe wa kinu cha mafuta anavyozunguka.

Nilidhani mji huu ni wangu na mimi ndiye mtawala. Nikisema kumbuka, unakumbuka. Nikisema mkono, mkono. Kumbe sikuwahi kuamuru hata taa moja. Kuna aliyeziwasha kabla sijajua kusema, akaniacha nikae, wala hakunidai.

Mtawala akiondolewa hugeuka mfungwa. Mpangaji akiondoka husema ahsante, nilikaa vizuri.

Nikitolewa ninayoyakumbuka, nikamenywa ganda baada ya ganda, kinachobaki ni nani? Au si swali la nani. Au ni swali la mikononi mwa nani.

Msichana alimsubiri mpaka akanyamaza. Kisha akamuuliza jina hilo alikuwa amelitumia mara ngapi. Bi Mize akafikiri, akaona kofia nne, naam nne zikipita hewani zimeshikana mikono.

"Mara nne."

"Na siku zote zilizobaki ulimpenda kwa kutumia nini?"

Bi Mize alikaa kitako juu ya nyasi. Hakuwa amewahi kuulizwa. Msichana akamshika mkono akampeleka mbali, kwenye mtaa wa mikono, na huko taa zilikuwa zinawaka barabara nzima. Hapakuwa na maneno huko. Palikuwa na uzi unaopita kwenye kitambaa. Palikuwa na uzi mwingine, mrefu, unaozungushwa kichwani mwa mwanamume ili kupima kofia, na kidole gumba kinachosimama juu ya sikio la kulia, penye kibonyeo kidogo alichozaliwa nacho, kibonyeo ambacho hakuna mtu duniani aliyekijua ila mama yake na mshona kofia zake. Palikuwa na maji yanayopashwa moto alfajiri za baridi na kuwekwa mlangoni, na mtu aliyeyaweka ameshaondoka ili asishukuriwe. Palikuwa na wembe unaokata uzi ovyo. Bi Mize akagusa kila kimoja. Halafu akafanya jambo ambalo mimi, ningekuwa yeye, nisingekuwa na moyo wa kulifanya. Alirudi kwa njia aliyokuja nayo, akasimama mbele ya kila nyumba iliyoanguka, akaishukuru. Aliishukuru ile ya majina ya mashoga zake wa chuoni. Aliishukuru ile ya njia ya kwenda sokoni. Mbele ya uwazi wa jina la Mwenyewe alikaa zaidi. Akauzungukia wote pembeni, hatua kwa hatua, mkono ukipitia nyasi, mpaka akarudi alipoanzia, ukingo ukawa umekamilika.

Lango likafunguka. Nje palikuwa uani, asubuhi ya sikukuu, jua limefika nusu ya ukuta.

Jamvi lilikuwa limetandikwa. Wifi Riziki alikuwa amekaa karibu na chetezo, udi unafuka, macho yake yamekaza kwa sababu wiki mbili alikuwa akisema mtaani kwamba mke asiyeijua siku ya leo hataijua na nyumba yake. Daktari Thureya alikuwa amealikwa, akakaa nyuma akiwa na sahani ya visheti magotini. Na katikati ya jamvi alikaa mwanamume. Bi Mize alimtazama. Alikuwa mzee, kisha alikuwa kijana amevaa koti la kuazima, kisha alikuwa mgeni kabisa ambaye amekuja kuuliza njia. Uso ulikuwa ukimtoka kila alipoukaribia. Kofia ilikuwa mikononi mwa Bi Mize, nyeupe, imekauka vizuri, na jua likipita vitunduni lilimwaga vijiduara vya mwanga juu ya viganja vyake.

Akaiweka kichwani mwa yule mtu. Vidole vikashuka vyenyewe kuisawazisha, na kidole gumba kikasimama juu ya sikio la kulia, kikaingia kibonyeoni. Kofia ikakaa. Haikubana, haikulegea. Bi Mize akajua yuko kwake.

Sasa ilikuwa zamu ya jina. Wifi Riziki akainama mbele kidogo. Bi Mize angeweza kuinamisha macho, akatabasamu, akavuta kanga mdomoni kama alivyofanya hospitali, lakini leo ndiyo siku ambayo heshima haimfichi mtu. Leo heshima ndiyo inayodai. Akafungua kinywa. Aliingia ndani haraka kuangalia, akakuta uwazi ule ule, na ukingo wake umeshonwa. Aliogopa, kweli aliogopa. Mwenyewe akainua uso kumtazama, na kwa jinsi alivyomtazama mtu yeyote angeona kwamba alikuwa anajua. Alijua tangu pale kwa daktari. Ile aliyojaa kwenye kiti haikuwa fahari. Alikuwa amebana pumzi.

Kifuani mwa Bi Mize kulikuwa na neno moja tu, lile alilokuwa akilizungusha nyumbani akitafuta wa kumpa.

"Ahsante," akasema.

Alilisema kama linavyotakiwa kusemwa jina: mara moja, kwa sauti ya kusikika, macho yakiwa kwa mwenye nalo. Wifi Riziki akavuta pumzi ili aseme. Daktari akashusha sahani. Na yule mwanamume, kofia ikiwa imemkaa kichwani, akanyoosha mgongo kama wanavyonyoosha waume wa nchi ile wakiitwa na wake zao kwa majina yao, akaitika.

"Naam."